Kilima Kisichokohoa

Baba alirudi na kikohozi kutoka Baray, alikokuwa kibarua katika mashamba ya vitunguu, na hakuna aliyeshangaa. Wanaume waliokwenda kwenye joto la bondeni walirudi na kitu: mmoja na redio, mwingine na mke wa pili, mwingine na kikohozi. Mama alimkanda kifua kwa samli na kusogeza kitanda chake karibu na moto. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, yenye dirisha dogo linalozibwa kwa gunia, kwa sababu upepo unaoteremka kutoka msitu wa Ngorongoro ni mkali Julai yote. Tulilala sote humo pamoja na mbuzi, tukipeana joto. Sasa najua kwamba hatukupeana joto tu.

Baba alifariki kabla ya mavuno, na mama hakuyaona mavuno yaliyofuata. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Chini yangu kulikuwa na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ameacha shule darasa la nne na kuosha magari ya watalii kule mjini Karatu, na kitinda mimba wetu wa kike, ambaye bado alinyonya kidole akisinzia. Baada ya mazishi shangazi wawili walikaa jikoni wakagawana: mmoja atamchukua wa kike Mbulu, mwingine atamtafutia wa kiume kazi Arusha. Mimi ningerudi shule. Walisema kwa wema, huku wakichambua mbaazi. Niliwasikiliza mpaka mwisho, kisha nikasema hakuna anayeondoka. Mama alikuwa ameniomba jambo hilo moja, wadogo zangu wasitawanyike, naye hakuwa mtu wa kuomba ovyo. Sare yangu nilimpa binti wa jirani. Sikulia kwa ajili ya shule wakati huo. Nililia baadaye, kwa mambo mengine, na shule ikaingia humohumo.

Kwetu Wairaqw kulikuwa na desturi inayoitwa metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo kibaya hukaa kando. Watu wake hawakanyagi shamba la mtu mwingine, hawali chungu kimoja na majirani, mifugo yao haichanganyiki na ya wengine, mpaka wazee waseme imetosha. Wengi wameiacha siku hizi. Padri akishazika, maisha yanaendelea. Lakini vifo viwili vya namna moja vilikuwa vimewatisha watu wa kilima chetu, na babu mdogo, ndugu yake babu yetu, ambaye shamba lake limepakana na letu, alikuja akasimama nje ya ua wa minyaa.

"Mjukuu wangu," alisema, "sikufukuzi. Ila unajua."

"Najua, babu."

"Unga nitauweka hapa kwenye jiwe. Mtauchukua nikishaondoka."

Nasi tukakaa. Hatukukaa kwa chuki, na hilo nataka lieleweke. Majirani walituwekea unga, maziwa mgando, hata sabuni. Walituita kwa mbali wakituuliza hali. Tuliamini kwamba tukivuka ua, mtoto wa mtu atakufa kwa sababu yetu, na hakuna kati yetu aliyetaka kubeba hilo. Mdogo wangu aliacha hata kazi ya kuosha magari. Alikaa juu ya kichuguu akiyatazama magari ya watalii yakipanda kwenda geti la Ngorongoro, akiyataja kwa madereva wake.

"Yule ana taa moja, aisee. Bosi wake hajui."

Kisha akacheka, na kicheko kikakatika katikati. Akainama, akakohoa, akatema, akafukia kwa mguu. Aliponiona namtazama akasema ni vumbi.

Ilikuwa vumbi kwa muda mrefu. Kisha ikawa baridi, kisha moshi. Alianza kutoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali yake kwa msumari wa moto, na alipofanya hivyo alipiga mluzi ili nisiulize.

Wakati huo ndipo watu wa simu walipopita. Walikuwa kijana na binti kutoka chuo kikuu kimoja, wakiongozwa na mama mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Tuliwaona kupitia upenyo wa ua wakienda nyumba kwa nyumba. Mtu alisimama uani, binti akamwelekezea simu yenye kipaza sauti kidogo, mtu akakohoa, wakacheka kidogo wote, wakaondoka. Hatukuelewa. Mdogo wangu alidhani ni redio, wanatafuta sauti za matangazo.

Baadaye nilielezwa vizuri. Ndani ya ile simu kulikuwa na programu iliyosikilizishwa vikohozi vingi, vya wagonjwa wa kifua kikuu na vya watu wenye mafua tu, mpaka ikajifunza tofauti, kama mama anavyojua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Simu haikutoa hukumu. Ilisema tu huyu apimwe mapema, huyu anaweza kusubiri. Na majibu ya kijiji kizima yalikusanyika kwenye ramani ndani ya kompyuta, ili gari la eksirei, ambalo ni moja na wilaya ni kubwa, lipelekwe kwanza panapokohoa zaidi.

Walifika shamba la babu mdogo, hatua chache kutoka kwetu. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya minyaa. Kikohozi kikamshika. Alijaribu kukimeza, akajiziba mdomo kwa fulana, lakini kilitoka, kirefu, chenye majimaji ndani yake. Yule binti akageuka. Nilimwona vizuri: kilemba cha kijani, viatu vyeupe vilivyokwisha kuwa vyekundu kwa udongo wetu. Alipiga hatua kuja upande wetu. Mama mhudumu akamshika mkono.

"Hapo hawaingiliwi, mwanangu. Wana msiba wao. Twende."

Wakaenda.

Gari la eksirei lilikuja wilayani msimu wa kuvuna maharage. Tuliliona likipita barabarani chini, jeupe, refu kama la watalii lakini bila madirisha. Halikupanda kwetu. Lilikata kushoto, likaelekea Baray.

"Linakwenda kwa wenye vitunguu," alisema mdogo wangu. "Sisi wa mahindi tuko fiti."

Nilimwambia nitampeleka hospitali mwenyewe, nitambeba ikibidi. Alikataa. Njia zote za kushukia barabarani zilipita katika mashamba ya watu.

"Mtoto wa jirani akianza kukohoa kesho, Dada, utamjibu nini mama yake?"

"Na kuhusu wewe, nitamjibu nini mama yetu?"

Alirudi kichuguuni kwake. Hiyo ilikuwa siku pekee tuliyokaribia kugombana. Alikuwa na miaka ya kuanza kuota ndevu na mikono ya mzee.

Wiki hazikupita nyingi, yule binti akarudi, peke yake. Alisimama nje ya ua asubuhi, mahali babu mdogo alipozoea kuweka unga.

"Hodi wenyewe! Siingii. Nitaongea kutoka hapahapa."

Nilimsogelea nikaacha nafasi ya kutosha. Aliniamkia kama mkubwa, ingawa yeye ndiye aliyenizidi umri. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, chenye maneno yanayoteleza.

"Dada, mimi si daktari, nisikudanganye. Nasomea kompyuta. Nina ramani yangu, na kwenye ramani hiki kilima chenu ni kijani kitupu. Maana yake hakuna mgonjwa. Na mimi nilisikia mtu anakohoa hapa. Masikio yangu yalisikia, simu haikusikia."

"Ni mdogo wangu."

"Anaendeleaje?"

Sikuwa nimeulizwa swali hilo kwa ukaribu kama ule tangu mama afe. Watu waliuliza kwa mbali, na kwa mbali mtu husema salama. Nilifungua mdomo kusema salama, nikasema anakwisha.

Aliinamisha macho. Kisha akanieleza kosa lilivyotokea. Programu yao ilipewa nyumba zilizokohoa na nyumba zisizokohoa. Nyumba ambayo hawakuingia haikuwa na mahali pake, ikahesabiwa pamoja na zile nzima. Kimya chetu kilisomwa kama afya. Na kwa kuwa nyumba zinazokaa kando ndizo zenye vifo, ramani ilikuwa imefumba macho palepale ilipotakiwa kutazama. Nyumba nne za kilima chetu, alisema, yetu ikiwemo, zilikuwa hivyohivyo. Mimi nilijua moja tu zaidi.

"Desturi yenu siitukani," aliongeza. "Walioianzisha walikuwa na sababu. Imewakinga majirani. Ila ninyi imewafungia ndani pamoja na ugonjwa."

Aliomba gari lirudi. Halikuwa jambo la siku moja. Aliwasihi wakubwa wake, wakubwa wakauliza wengine. Likaja, likasimama kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Babu mdogo alikuwa amekaa kwenye mpaka tulipotoka. Nilimshika mdogo wangu kiunoni, kitinda mimba akatangulia na chupa ya maji.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunakwenda kupimwa, babu."

"Mtapita wapi?"

"Kwako."

Hakusema piteni, wala hakusema msipite. Aligeuza kigoda chake akatazama upande mwingine, na sisi tukapita nyuma ya mgongo wake.

Uwanjani watu walitupisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa akituwekea maziwa alivuta watoto wake kwenye gauni, kisha akaona haya, akatupungia mkono. Mdogo wangu aliona yote akaanza mizaha, kama ilivyokuwa kawaida yake akiumia.

"Sista," alimwambia yule binti, "umesema wewe ni wa kompyuta. Sasa unatafuta nini kifuani kwangu, waya?"

"Natafuta betri. Naona imeisha chaji."

"Basi nichaji haraka, kuna magari yananisubiri."

Ndani ya gari alisimamishwa mbele ya ubao, akaambiwa avute pumzi aishike. Hakuweza kuishika. Walirudia mpaka picha ikakubali. Kisha kompyuta ikasoma. Haikuchukua muda hata wa kuvaa fulana. Mbavu zake zilionekana kwenye kioo, nyeupe, na juu yake kompyuta ikaweka wekundu kama wa machweo, pande zote mbili, juu mpaka chini.

"Duh," alisema. "Mimi kusoma kulinishinda, na leo mashine inanisoma mimi."

Aliuliza imejuaje. Binti akamwambia imeonyeshwa picha nyingi za vifua, vya wagonjwa na vya wazima, na madaktari wakaiambia kipi ni kipi, mpaka ikazoea.

"Na wenye hivyo vifua wako wapi?"

"Wengi walipona."

"Na wengine?"

Binti hakumdanganya. "Wengine picha zao ndizo zimebaki."

Mdogo wangu alifikiri. "Na yangu ichukueni. Ila msiandike jina, watanicheka mjini."

"Hatuandiki jina la mtu," alisema binti.

Yule kijana mwenzake alikuwa anatayarisha mashine kwa anayefuata, na kwa kuwa kitinda mimba wetu alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake, akamwita naye apande. Nilitaka kusema huyu hakohoi. Alikuwa hakohoi kweli. Alikuwa anakimbia, anaimba, anakula kuliko sisi. Akavuta pumzi, akaishika mpaka mashavu yakavimba. Kompyuta ikasoma. Upande wa kulia, juu, ikaweka doa dogo jekundu, dogo kama punje ya mtama.

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi ya gari.

Walisema picha peke yake haitoshi, na vipimo vingine vikachukuliwa, na vipimo vikakubaliana na picha. Wote wawili walianza dawa wiki hiyohiyo. Mimi nilipimwa pia. Nilikuwa mzima. Ni aibu kusema, lakini nilitamani doa langu mwenyewe, ili tuwe sawa.

Mdogo wangu alilazwa. Nilikaa naye nikiwa na barakoa usoni, nikimlisha uji kwa kijiko. Mizaha yake ilipungua kwa jinsi pumzi ilivyopungua. Kwanza aliacha ile mirefu, kisha akabaki na ya neno moja. Dawa zilikuwa nzuri, waliniambia, lakini zilikuta nyumba imekwisha bomoka ndani. Alipofariki ilikuwa mchana, watu wanakula, na muuguzi mmoja alizima redio ya chumba cha pili bila mtu kumwambia.

Nimejiuliza sana kuhusu ile safari ya kwanza ya gari. Lilipokata kushoto. Kama ramani ingekuwa na rangi moja zaidi, rangi ya kusema hapa hatujui, lingepanda kwetu msimu wa maharage, naye bado alikuwa na nguvu za kukaa juu ya kichuguu. Yule binti alijiuliza hilo kabla yangu. Alikuja kwenye mazishi, akasimama nyuma ya wanawake wote na kilemba chake, na hakujaribu kuniambia lolote. Nilimshukuru kwa hilo. Sikumchukia. Watu wengine walitaka nimchukie, wakisema mashine za wasomi zimetuua. Ningeweza vipi? Katika wote waliosikia kile kikohozi, yeye ndiye aliyerudi. Na doa la punje ya mtama hakuna sikio ambalo lingelisikia, la kwangu wala la mama, kama angekuwa hai.

Baada ya mazishi babu mdogo alikuja tena nje ya ua. Nilijua amekuja kusema nini.

"Kifo cha tatu, mjukuu wangu."

"Ndiyo, babu. Nitakaa. Shamba la mtu sitalikanyaga. Lakini huyu mtoto anameza dawa, na dawa anazifuata zahanati. Akikatisha, atamfuata kaka yake. Yeye hatakaa."

"Njia ya zahanati inapita kwa watu."

"Najua inakopita."

Alichora udongo kwa fimbo yake. Aliufuta kwa mguu, akauchora tena. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye alikuwa akizika uzao wa ndugu yake mmoja baada ya mwingine, na kwamba desturi ile ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo.

"Apite kwangu," alisema mwishowe. "Kwangu tu, pembeni, mpaka barabarani. Kama kifo kinafuata nyayo, kinikute mimi. Mimi nimeshakula vya kutosha."

Kesho yake nilimwona na jembe, amepinda mgongo, anapalilia ukanda mwembamba kando ya mahindi yake. Kitinda mimba wetu alipita humo asubuhi kwenda na asubuhi kurudi, dawa zikambadilisha mkojo rangi, zikamtapisha, zikamkondesha kabla ya kumnenepesha. Siku alizokataa nilimbeba mgongoni, mkubwa vile, mpaka mpakani. Kutoka hapo babu mdogo alimshika mkono. Siku za mvua kubwa mama mhudumu alileta dawa mwenyewe, akasimama uani kumwona akimeza. Ndani ya ua, si nje.

Wazee waliposema imetosha nikatoka uani, wale wa chuo walikuwa wameibadilisha programu yao. Siku hizi simu ikifika kwenye nyumba isiyoingilika, ramani haiiweki kijani. Inaiweka kijivu, na kijivu hutembelewa kwanza. Mama mhudumu ndiye anayewaambia ni nyumba zipi, na anapotilia shaka ananiuliza, nami huenda nikasimama nje ya ua wa watu nikawaita. Wale wa nyumba tatu nyingine walipimwa hivyo. Sitasema waliopona ni wangapi. Wapo, nakutana nao gulioni. Mmoja ana kijana wa rika la mdogo wangu wa kiume, na ninapomwona huwa nafurahi, kisha nabadilisha njia.

Gari lilipokuja tena, kitinda mimba wetu alipigwa picha ya kumaliza dawa. Alivuta pumzi, mashavu yakavimba. Mbavu zilitokea kwenye kioo zote, nyeupe, na kompyuta haikuweka kitu. Niliomba waisome tena. Wakaisoma tena, na binti wa kilemba akanishika bega.

Nilitaka kumwomba kitu kingine. Nilitaka anionyeshe ile picha nyingine, ya mdogo wangu wa kiume. Nilimwuliza kama anaweza kuitafuta. Alisema iko pamoja na nyingine zote zinazoifundisha mashine, haina jina, na hata yeye hawezi kujua tena ni ipi. Alisema pole. Nilimwambia ni sawa, ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Tulirudi kwa njia ile ya pembeni. Babu mdogo alikuwa anavunja mahindi mabichi.

"Mashine imesemaje?"

"Imesema ni mzima."

"Nayo haijawahi kukosea?"

"Imewahi, babu."

Alitikisa kichwa, akanipa mahindi mawili, kisha akaongeza la tatu, akalitazama, akalirudisha kikapuni taratibu. Kitinda mimba wetu alikuwa ametangulia, amewaona mbuzi wetu wameingia kwenye maharage, anawakimbilia kupanda kilima huku akiwaita kwa sauti ndefu ya juu. Nilisimama pale na mahindi mkononi nikisubiri sauti ikatike. Alifika juu bado anaita.